Mapacha Wasiofanana: Vidokezo 10 vya Kuchagua Neno la Kiingereza la Teknolojia

Kosa nililifanya mwenyewe, kwa hiyo nalisimulia mwenyewe. Mama mdogo alinipigia kutoka Tanga kwa simu ya jirani. Yake ilikuwa imeganda, haipandi wala haishuki. Mimi nilikuwa kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja nimeshika bomba. "Mama, i-reset tu," nikamwambia, nikakata.

Nusu saa baadaye akapiga tena, sauti imejaa furaha. "Mwanangu, imekuwa kama mpya! Iliniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo, si wewe umeniambia? Ila mbona haina jina la mtu hata mmoja? Na picha za sendofu ya mdogo wako zimekwenda wapi?"

Nilitaka kusema "restart". Nikasema "reset". Maneno mawili yanayofanana sura kama mapacha, lakini moja lingempa simu yake na jingine likamlia picha zote.

Tangu siku ile nina utaratibu mmoja. Kabla neno la Kiingereza halijanitoka, jambo lenyewe nalisema kwanza kwa Kiswahili: nini kinaingia, nini kinatoka, nini kinabaki. Mara nyingi nikifika hapo jibu nimeshalipata. Ukiwa unaandika barua pepe ya kazi, unamwelekeza mzazi kwa simu, au umesimama mbele ya fundi, utaratibu huu utakufaa na wewe.

1. Uliza nini kitabaki: "restart" au "reset"?

"Restart" ni kuzima na kuwasha. Picha zipo, namba zipo, kila kitu kinakusubiri pale ulipokiacha. "Reboot" ni ndugu yake wa damu, kazi ni ile ile.

"Reset" ni kurudisha kitu kilipoanzia, na hapo lazima uulize: kitu gani? "Reset password" inakupa nenosiri jipya, basi. "Reset network settings" inasahau Wi-Fi zote ulizowahi kuunga. Lakini ukiona "factory reset", simu inarudi kama ilivyotoka kiwandani, na kiwandani haikuwa na picha za sendofu ya mtu. Kwa hiyo fundi akilitaja neno hili, muulize swali moja tu: "Picha zangu zitabaki?"

2. Sikiliza "sasa" na "bora": "update" au "upgrade"?

Hapa waliotunga istilahi za Kiswahili walitufanyia hisani. "Update" ni kusasisha, na ndani yake kuna "sasa". "Upgrade" ni kuboresha, na ndani yake kuna "bora". Ukisasisha, kitu ni kile kile, kimeletwa tu hadi leo: matundu yamezibwa, kasoro zimerekebishwa. Ukiboresha, unapanda daraja, kama abiria aliyekata tiketi ya basi la kawaida akaamua kuhamia la kifahari.

Kompyuta yenye Windows 10 iliyopokea marekebisho ya kila mwezi ilikuwa inapata "update". Ile iliyohamia Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ilipata "upgrade". Na uwe macho na mfuko wako: programu ikikuomba "update" kwa kawaida inataka bando na dakika chache. Ikikuomba "upgrade", mara nyingi inataka hela.

3. Fikiria sufuria na lori: "download" au "upload"?

Mama akipakua wali, chakula kinatoka kwenye sufuria ya wote kinakuja kwenye sahani yako. Hiyo ndiyo "download": kitu kinatoka kule kinakuja kwako. Kijana akipakia magunia kwenye lori, mzigo unatoka mikononi mwake unakwenda kwenye chombo kitakachoubeba. Hiyo ni "upload": kitu kinatoka kwako kinakwenda kule.

Ukichanganya haya mawili kwenye barua ya kazi, mambo yanageuka kichwa chini. Mwenzako akikuandikia "please upload the form" anakusubiri wewe uipeleke fomu. Ukikaa kuitafuta kwake, mtasubiriana hadi jioni. Na "send" nalo lina mahali pake: unamtumia mtu fulani. "Upload" unaweka mahali, mwenye haki ya kuingia atakuja kuchukua mwenyewe.

4. Livunje neno "mtandao" kabla ya kulivusha

Hili ndilo neno letu lenye mabega mapana kuliko yote, na ndipo wengi wanapojikwaa. Sikiliza siku moja mtaani. "Wewe uko mtandao gani?" Hapo mtu anaulizia kampuni ya simu. Kiingereza cha Uingereza kitasema "network", Wamarekani watasema "carrier". "Huku shamba hakuna mtandao." Hayo ni mawimbi: "signal" au "coverage". "Leo mtandao uko chini," anakwambia mhudumu wa dirishani huku foleni imefika mlangoni. Mara nyingi ni "the system is down". "Nimeisoma mtandaoni" ni "online". "Wamemtukana mitandaoni" ni "on social media". Ukiandika "network" kote huko, Mwingereza atadhani taifa zima lina hitilafu moja.

Sasa tuje kwa mapacha wakubwa: "internet" na "web". Intaneti ni barabara yenyewe, na ni kitu cha kushikika: nyaya, minara, mitambo. Kebo ya SEACOM, iliyopita chini ya Bahari ya Hindi hadi Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, ni kipande cha barabara hiyo. Wavuti ni aina moja tu ya magari yanayopita juu yake: kurasa zilizounganishwa, unazofungua kwa kivinjari. Hata umri haulingani. Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine mwaka 1971. Lugha ya mawasiliano ambayo intaneti inaitumia hadi leo ilianza kazi rasmi tarehe 1 Januari 1983. Tim Berners-Lee alikuja kupendekeza wavuti mwaka 1989, akiwa kituo cha utafiti cha CERN, Geneva. Kwa hiyo ujumbe wako wa WhatsApp unasafiri kwa "internet" bila kukanyaga "web".

Na Wi-Fi je? Hiyo ni kichochoro cha kutoka barabarani hadi mlangoni kwako. Ndiyo maana alama ya Wi-Fi inaweza kujaa vistari vyote huku ukurasa haufunguki: kichochoro ni kizima, barabara kuu imekatika. Ukimpigia fundi, usimwambie "the Wi-Fi is down" kama kilichokufa ni intaneti. Atakuja kukubadilishia kifaa ambacho hakina ugonjwa.

5. Tazama ukubwa wa herufi b: "bit" au "byte"?

Biti ni tarakimu moja, sifuri au moja, chembe ndogo kabisa ya taarifa. Neno "bit" lilichapishwa mwaka 1948 katika makala ya Claude Shannon, ambaye sifa ya kulibuni alimpa mwenzake John Tukey. Baiti ni biti nane zilizofungwa pamoja kama fungu la mchicha. Neno lake lilibuniwa na Werner Buchholz wa IBM mwaka 1956, na herufi y iliwekwa makusudi ili mtu asije akakosea akaandika "bit". Yaani hata waliotengeneza kompyuta waliogopa kuwachanganya mapacha hawa.

Kwa maandishi ya mkato, b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Kampuni za intaneti hutangaza kasi kwa biti, mafaili hupimwa kwa baiti, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Umelipia kasi ya 40 Mbps. Unataka filamu ya 700 MB. Ukigawa 700 kwa 40 unapata sekunde 17 na nusu. Unaweka chai mezani, unasubiri, filamu haiji. Umeibiwa? Hapana. Megabiti 40 ni megabaiti 5 kwa sekunde, kwa hiyo filamu inahitaji sekunde 140, dakika mbili na ushee, na hapo njia iwe haina msongamano. Gawa kwa nane kwanza, kisha ndiyo uamue kama kuna haja ya kulalamika.

6. Tofautisha meza na vidroo: "memory" au "storage"?

Simama mbele ya kibanda cha fundi simu pale Kariakoo, uangalie mikono yake. Juu ya meza kuna simu mbili zilizofunguliwa tumbo, bisibisi, na waya wa risasi. Hiyo ndiyo kazi ya sasa hivi. Nyuma yake kuna vidroo vimejaa vioo, betri na simu za watu waliosema watarudi kesho. Meza ikiwa ndogo, fundi anakwenda taratibu. Vidroo vikijaa, hana pa kuweka simu mpya. Jioni anafagia meza, vidroo havigusi.

Meza ni "memory", ile RAM. Vidroo ni "storage". Simu iliyoandikwa 4 GB na 64 GB ina meza ya 4 na vidroo vya 64. Simu ikikataa kupiga picha kwa kuwa nafasi imekwisha, Kiingereza chake ni "my storage is full". Ikiwa inakwama kila ukifungua programu tatu kwa mpigo, hapo zungumzia "memory".

Ukiulizwa, basi, mbona "memory card" kazi yake ni kutunza mafaili, jibu ni kwamba Waingereza nao huteleza. Neno limeshazoeleka, tuwaachie.

7. Jua anayefuta na anayetunza: "backup" au "sync"?

Kiswahili cha kwenye simu nyingi kinasema "hifadhi nakala" kwa "back up" na "sawazisha" kwa "sync". Lisikilize hilo la pili kwa makini. Kusawazisha ni kufanya pande mbili ziwe sawa. Ukiongeza picha huku, itaongezeka kule. Ukifuta huku ili upate nafasi, na kule itafutika, maana ndivyo usawa unavyotaka.

Watu wanasema "my photos are backed up" kumbe zimesawazishwa tu, halafu wanafuta za kwenye simu kwa amani ya moyo. "Backup" ni nakala iliyokaa pembeni, haijali unayoyafanya kwenye simu, inasubiri siku ya msiba. Mama mdogo angekuwa nayo, nisingekuwa na hadithi ya kuanzia.

8. Pima nafasi kati ya maneno: "login" au "log in"?

Pengo dogo, kazi mbili. "Login" likiunganishwa ni kitu: jina lako na nenosiri. "Log in" likiachana ni kitendo: kuingia. Kipimo chepesi ni kulipeleka neno wakati uliopita. Unasema "I logged in", huwezi kusema "I loginned". Linalokatika kwenye wakati uliopita liandike maneno mawili. Ndivyo ilivyo pia kwa "backup" na "back up", "setup" na "set up", "shutdown" na "shut down".

Jihadhari pia na "sign in" na "sign up". La kwanza ni kuingia, la pili ni kujisajili. Wenye akaunti mbilimbili wasizozikumbuka wengi walibonyeza la pili wakidhani ni la kwanza.

Neno "login" lenyewe lina historia ya kuchekesha. Tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi Charley Kline wa chuo kikuu cha UCLA alijaribu kutuma neno "login" kwenda kwenye kompyuta ya Stanford Research Institute, mamia ya kilomita kutoka pale. Akatuma "l", ikafika. Akatuma "o", ikafika. Kisha mtambo ukazimika. Ujumbe wa kwanza wa mtandao ulioizaa intaneti ukawa "lo". Ukikwama kwenye ukurasa wa kuingilia, ujue umefuata mila.

9. Yapite haraka haya manne

"Program" na "programme": kwa Mwingereza, ya kompyuta ni "program", ya redio au ratiba ya harusi ni "programme". Mmarekani anaandika "program" kote. Chagua upande mmoja ukae huko.

"Disk" na "disc": ile ya sumaku ndani ya kompyuta ni "hard disk", ile inayong'aa ya muziki, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ni "compact disc".

"Discover" na "invent": kilichokuwapo unakigundua, kisichokuwapo unakibuni. Mawimbi ya redio yalikuwapo tangu dunia iumbwe. Heinrich Hertz aliyathibitisha katika miaka ya 1880, ndipo akina Marconi wakabuni mitambo ya kuyatumia. Kwenye barua ya kuomba kazi, usiandike kwamba uli-"discover" programu uliyoitengeneza mwenyewe.

"Mobile money" na "mobile banking": M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, ni "mobile money". Hela inakaa kwenye namba ya simu, huhitaji akaunti ya benki. "Mobile banking" ni kuifikia akaunti yako ya benki kwa kupitia simu. Fomu ya kigeni ikikuuliza, usijibu moja ukimaanisha jingine.

10. Chunguza msomaji wako anakaa wapi

Kuna maneno tuliyoyachukua kwa Mwingereza, tukayafuga, yakabadilika tabia. Ukiyarudisha kwao yalivyo, hawayatambui. "Laini" yetu tuliyoisajili kwa alama za vidole, kwao ni "SIM card". "Line" ni mstari, foleni au waya wa simu. "Vocha" yetu ya kukwangua wataidhania kuponi ya dukani. "Airtime" inaeleweka vizuri Nairobi, lakini London mtu huweka "credit", na "airtime" wataisikia kama muda wa kurusha kipindi hewani. Simu yenyewe ni "mobile" Uingereza, ikivuka bahari hadi Marekani inakuwa "cell phone".

Hatari kuliko yote ni "flash". Dar es Salaam tunabipu, Nairobi wana-flash, yaani simu inaita mara moja inakatwa ili mwenye salio apige. Fundi naye ana-flash simu anapoiwekea upya programu yake ya msingi. Ofisini tunaombana flashi ya kuhamishia mafaili. Sasa mpeleke kijana wetu London, amwambie mkuu wake wa kazi asubuhi: "My uncle flashed me last night." Huko maana yake ni kwamba mjomba alivua nguo mbele yake. Polisi wataulizia anwani ya mjomba kabla chai haijapoa. Sema "he gave me a missed call", na mjomba abaki na heshima yake. Ile flashi ya ofisini iite "flash drive" au "USB stick", utaeleweka kote.

Wiki iliyopita mama mdogo kanipigia tena, safari hii kwa simu yake. Nikamwamkia, akaitikia, akaingia kwenye mada bila kuzunguka. "Mwanangu, imeniletea ujumbe, imeandika 'update'. Kabla hujaniambia kitu, nijibu kwanza: hiyo ni ya kuzima na kuwasha, au ya kula picha?"

Nikamwambia haili picha, ni ya kuileta simu hadi sasa, mwishoni itajizima na kujiwasha yenyewe.

"Haya," akasema. "Lakini safari hii rudia taratibu, na kwa Kiswahili."